Ndoo ya Bluu Chini ya Sinki

Tiya Sabel mpendwa,

Nisaidie, na ukishanisaidia nigombeze, maana humu ndani hakuna tena wa kunigombeza, mume wangu amenyamaza tangu mwezi wa pili, binti yangu ananijibu kwa kutikisa kichwa, na aliyekuwa akinigombeza vizuri kuliko wote ndiye huyohuyo niliyemfukuza.

Usichape jina langu. Mimi ni mke wa sonara hapa Meycauayan, nina miaka hamsini na sita, na kazi ya kusafisha dhahabu nimeifanya nyuma ya jiko letu miaka ishirini na minane, paa limeshaliwa na moshi wa asidi mara tatu na kifua changu nacho ndivyo hivyo, nikipanda ngazi nakohoa mpaka jirani anauliza kulikoni. Mume wangu nitamwita Isko. Dada yake nitamwita Ising, si jina lake, ingawa akisoma atajijua, na anasoma, Tiya, kila Jumapili anaisoma safu yako kabla kahawa haijapoa na zamani alikuwa akitusomea kwa sauti huku akiwacheka wanaokuandikia.

Ising hakuolewa. Amekaa nasi miaka ishirini na miwili, binti yangu Belen amelelewa na yeye kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma na mitungi yangu na mtoto hakutakiwa kusogea pale. Mdomo wake haukai. Alikuwa akiniona nimetoka kazini na vidole vimekuwa vyeusi ananiambia, "Ate, wewe ukifa hatukuziki, tunakuyeyusha, hatukosi gramu mbili." Ate, kwa maana ya dada mkubwa, ingawa mimi ni wifi yake tu na yeye kanizidi mwaka mmoja, alianza kuniita hivyo siku nilipoolewa kwa sababu kaka yake ni mkubwa kwake, na hakuacha.

Mama mkwe alifariki mwaka jana, akaacha mkufu wake wa zamani wa shanga za dhahabu uliokatika mahali pengi na hereni zilizopoteza pini, na ndugu wote wakakubaliana nivisafishe vyote, kisha Isko atengeneze pete mbili za harusi ya Belen na kidani kidogo cha Ising, kwa sababu Ising ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Vyote vilikuwa gramu thelathini na moja. Nilitegemea nipate dhahabu safi gramu ishirini na mbili, kwa uchache.

Kazi niliifanya Jumamosi, siku moja kabla ya kula chakula cha kumaliza mwaka wa msiba, na siku ile, Tiya, nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeshaazima viti nyumba nne na kuloweka tambi za watu thelathini, nikayeyusha dhahabu ndani ya zile asidi mbili kwa haraka, asidi ile kali zaidi nikaizidisha, na sikuichemsha mpaka nguvu yake iishe kama inavyotakiwa, nikatia unga wa kuishusha dhahabu, nikaona matope ya kahawia yanashuka chini, nikafurahi, nikayaacha yatulie nikaenda kanisani kupanga misa ya marehemu. Ising alibaki peke yake nyumbani akikata karoti. Niliporudi nikayaosha yale matope, nikayakausha, nikayayeyusha yakawa kibonge, nikakiweka kwenye mizani. Gramu tisa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Maji yaliyobaki yalikuwa ya kijani kwa sababu ya shaba ya mkufu, na kwa macho tu huwezi kujua kama ndani bado mna dhahabu iliyoyeyuka au hamna. Kipimo chake ni maji ya bati, yaani bati safi lililoyeyushwa ndani ya asidi. Unadondosha tone la maji yako kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, juu yake unadondosha tone la maji ya bati, dhahabu ikiwemo panageuka rangi ya zambarau. Nilidondosha. Pakabaki peupe. Nikadondosha tena, peupe. Basi nikajua maji hayana kitu, na kama maji hayana kitu na kibonge ni gramu tisa, kuna mtu amechukua.

Lakini maji ya bati hufa, Tiya. Yakikaa sana, yakifunguliwa mara kwa mara, yanakufa na hayaonyeshi dalili yoyote, yanabaki maangavu vilevile. Ndiyo maana kila mtu wa kazi hii ana kichupa cha maji yenye dhahabu ya uhakika, sisi tunakiita shahidi, na kabla ya kupima usichokijua unampima shahidi kwanza, akigeuka zambarau kipimo chako ni kizima, akibaki mweupe unamwaga maji ya bati unatengeneza mengine. Baba mkwe alinifundisha hivyo na hakuna siku niliyomwona akiacha. Siku ile mimi shahidi nilimwona, yuko palepale juu ya rafu, nyuma ya chumvi, ila kumfikia kulitaka nivute kigoda nipande, na miguu ilikuwa imevimba, nikasema aa, maji haya ya bati nimeyatengeneza juzi tu kabla ya Krismasi. Na ile ilikuwa mwezi wa pili.

Kesho yake watu walikuja, tukasali, tukala. Kaka mkubwa wa Isko, Kuya Doming, akasema, "Haya, dhahabu ya mama iko wapi? Tuione." Nikaleta.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, Kuya."

"Mkufu mzima ule ukatoa hiki? Hiki si hata jino!"

Watu wakacheka. Mimi ndiye msafishaji, Tiya, wakicheka kibonge wananicheka mimi, nikaona aibu na mara ile aibu ikageuka hasira. Nikasema, "Maji nimeyapima, hayana kitu. Kilichopungua kimetoka kwa mlango."

Ising alikuwa anagawa tambi, akacheka naye. "Mlangoni nilikaa mimi, Ate, sijaiona ikipita. Au ilivaa kofia?"

"Ndiyo maana nasema. Mlangoni ulikaa wewe."

Akaweka sahani mezani. "Rudia, Ate."

"Nimeshasema."

"Rudia huku unanitazama."

Nikarudia. Nilimtazama usoni nikarudia, na Isko alikuwa pale na Kuya Doming na ndugu wengine na wake zao na Aling Choleng anayetuongozea sala, na hakuna aliyefungua mdomo. Ising alifunga nguo zake kwenye gunia la mchele, chandarua chake akakiacha, akapanda jipni ya abiria kwenda Bocaue kwa binamu yao anayepika vitumbua vya kuuza. Huko ndiko aliko mpaka leo, anasaga mchele.

Sikufanya tena kazi ya asidi mpaka mwezi wa sita. Siku hiyo jirani yetu Mang Teban alileta vipande vya dhahabu chakavu nimsafishie, nikaviyeyusha kwenye asidi, nikachukua kichupa kilekile cha maji ya bati nijaribu, pakabaki peupe. Maji yenye dhahabu niliyoitia mwenyewe kwa mkono wangu, peupe! Nilikaa chini kwenye sakafu. Halafu nikavuta kigoda nikamshusha shahidi, nikampima, naye mweupe. Nikatengeneza maji mapya ya bati, nikaenda kwenye ndoo ya bluu nilikomiminia yale maji ya kijani ya mama, kwa sababu msafishaji hamwagi maji ovyo, nikadondosha tone moja. Pakageuka rangi ya zambarau zilizoiva, zile zinazokuacha na ulimi mweusi. Dhahabu ya mama iliyopungua imo yote ndani ya ndoo. Haikwenda popote, asidi niliyoiharakisha ndiyo iliyoizuia kushuka.

Na mimi nikaifunika ndoo. Nikaifunga kwa kipande cha taulo nikaisukuma chini ya sinki, na iko hapo miezi minne, ninaosha vyombo huku mguu wangu unaigusa. Kuishusha dhahabu ile ni kazi ya asubuhi moja, najua la kufanya, lakini ikishashuka itakuwa inang'aa hapo mezani na kila mtu ataniuliza ilikuwa wapi. Mwezi wa nane mafuriko yaliingia mpaka jikoni, nikabeba ndoo kupanda nayo juu kabla sijabeba sanamu ya Santo Niño, yaani Mtoto Yesu. Isko akaniona. "Unaokoa maji machafu?" akaniuliza. Nikamwambia ni asidi, itaunguza watu. Ndilo neno refu tuliloongea mwaka huu.

Belen anaolewa mwezi wa kwanza. Alikwenda Bocaue kumwomba Ising awe mmoja wa wale wa kuwasha mishumaa kanisani, akarudi macho mekundu. Ising kamjibu, "Mwambie mama yako mwizi hashikishwi mshumaa." Na Belen anasema kama Tiya Ising, yaani shangazi yake, haji, naye haolewi kutokea nyumba hii.

Nimefikiria kuishusha dhahabu kimyakimya kisha niseme nimeikuta imeangukia nyuma ya jiko, hapo Ising atakuwa msafi nami nitakuwa nimesahau tu. Au nimtume Belen akamweleze. Au niiache ndoo ilivyo, niseme yaliyopita yamepita. Nimechoka, Tiya, hata kulala kunanichosha. Niambie nifanye lipi.

Mimi,
Mwenye Ndoo, Meycauayan

*

Mwenye Ndoo,

Pole. Nimesema mara moja na sitarudia, maana umeniomba nikugombeze, na kwa hilo umefika penyewe.

Mimi sijui kuyeyusha hata mafuta ya nguruwe bila kuyaunguza, kwa hiyo barua yako niliificha jina nikampelekea mzee mmoja anayesafisha dhahabu mtaa wa nyuma ya ofisi yetu. Alikuwa anakunywa uji. Alipofika mahali pa karatasi ya kahawa akaniuliza, "Shahidi alisemaje?" Nikamwambia hakuulizwa. Akanirudishia barua yako hata hajaimaliza. "Basi huyu mama hajapima kitu," akasema, akaendelea na uji wake.

Hajapima kitu! Mtu katolewa nyumbani kwake na gunia la mchele begani kwa kipimo ambacho mzee hakuacha hata uji wake upoe kwa ajili yake. Na usijifariji kwamba kosa lilikuwa la maji ya bati. Maji ya bati hayana mdomo. Uchovu naujua, nina wajukuu watano na safu ya kuandika, na sikulaumu kwa miguu iliyovimba. Lakini kati ya Jumamosi ile na Jumapili ya tambi ulilala usiku mzima, ukaamka, na kigoda kilikuwa palepale.

Tena ulikuwa na shahidi wa pili, huyo hukuhitaji kumpandia kigoda. Miaka ishirini na miwili alikula kwenu, akakulelea mtoto, akamgeuza mkweo kitandani mpaka mwisho, na katika barua yako nzima sikuona hata pini moja iliyopotea mkononi mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa dhahabu yako ya uhakika. Kipimo kikikuambia Ising ni mwizi, ni kipimo kimekufa, na wewe ulitakiwa kukimwaga hapohapo. Ulikiamini kibonge chako kuliko ulivyomwamini mtu. Hapana, hata hukukiamini. Ulichekwa, na ukaona heri achekwe mwingine.

Sasa hizo njia zako tatu. Ya kwanza, kwamba umeikuta nyuma ya jiko, ndiyo mbaya kuliko zote, na nashangaa mama mwenye akili ya kupima asidi hajaiona. Dhahabu ikitokea nyuma ya jiko baada ya miezi minane, unadhani Kuya Doming atasema nini? Atasema Ising kaogopa kairudisha usiku. Utakuwa umemsafisha kwa kumpaka zaidi. Ya pili, kumtuma Belen: mdomo uliosema ni wako, huo wa Belen utautumiaje? Ya tatu sitaijibu, na ndoo ya asidi haikai chini ya sinki penye watu wanaopika, hata ungekuwa malaika.

Fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha jioni, mwambie Isko. Usizunguke. Mwambie, "Dhahabu ya mama imo kwenye ndoo, na nimejua tangu mwezi wa sita." Atanyamaza. Ameshazoea kunyamaza, na siku moja nitapata nafasi ya kuandika juu ya mwanamume anayeona dada yake akiitwa mwizi huku ametia tambi mdomoni. Kesho panda jipni uende Bocaue, wewe mwenyewe, bila kapu la zawadi. Ukimkuta anasaga mchele msubiri amalize. Neno la kwanza litoke hili: "Hukuiba, na mimi nimelijua hilo miezi minne nikanyamaza." Habari za bati na asidi ziweke mbali, hizo ni za baadaye, akiziuliza. Usimwombe msamaha siku hiyohiyo. Kuomba unaweza ukiwa umeshamrudishia alichopoteza, na bado hujamrudishia.

Kumrudishia ni hivi: waite walewale. Kuya Doming, ndugu wengine na wake zao, Aling Choleng wa sala, kila aliyekula tambi zile. Ndoo iwekwe uani, hadharani, watu wakae upande upepo unakotoka. Na kipimo usikishike wewe. Akikubali, Ising ndiye adondoshe tone kwa mkono wake, kwanza kwa shahidi, kisha kwa maji ya mama, ili wote waione ile rangi inatoka kidoleni mwake. Ndipo wewe useme mbele yao, kwa sauti ileile uliyosemea siku ile, kwamba mwizi alikuwa kipimo chako na uvivu wako. Halafu ishushe dhahabu wakiwa wanatazama, na safari hii ichemshe vizuri. Akikataa kuja, fanya vilevile bila yeye, ukamweleze kila neno. Akija akaondoka bila kukusemesha, mwache aondoke. Kushika mshumaa au kutoushika ni hiari yake, si yako wala ya Belen.

Na mwisho, Mwenye Ndoo, kuna jambo moja nimelinusa tangu ukurasa wako wa kwanza. Umenieleza kwamba Ising anaisoma safu hii kila Jumapili kabla kahawa haijapoa. Umemficha jina, kisha ukaniwekea mkufu, tambi, gunia na Bocaue, vitu ambavyo hata paka wenu angevitambua. Hukuniandikia mimi. Umenitafuta nikaungame kwa wifi yako badala yako. Nimekataa kazi hiyo. Nakala ya jibu hili nimeitia ndani ya bahasha, na mtu wetu ataifikisha mkononi mwako Jumatatu. Gazeti linatoka Jumapili. Umepata siku sita, na nauli ya Bocaue haizidi bei ya mikate.

Na wewe unayeitwa Ising humu, kahawa ikiwa bado ya moto: kama wifi yako alikuja wiki hii, ruka kipande hiki, hakikuhusu. Kama hakuja, basi lisikie kwangu kwamba hukuiba, na aliyekuita mwizi anajua. Mchukue Belen mwende. Ndoo ni ya bluu, imefungwa kwa kipande cha taulo, chini ya sinki. Kichupa cha shahidi kiko juu ya rafu, nyuma ya chumvi. Vuta kigoda.

Tiya Sabel